Ferdinand Braun (1850–1918)

Huenda kwenu Lusu, au kwa fundi redio pale Tabora mjini, bado ipo luninga ya chogo. Itazame kwa nyuma. Ndani ya chogo lile imo shingo ya neli ya kioo, na aliyeibuni neli hiyo ni Karl Ferdinand Braun, Mjerumani aliyezaliwa Fulda tarehe 6 Juni 1850.

Mwaka 1897 Braun alikuwa profesa wa fizikia Strasbourg. Alitaka kuuona umeme unaobadilika upesi mno, ambao sindano ya mita haiwezi kuufuata. Basi akapitisha miale ya kathodi katika neli iliyoondolewa hewa, akaipinda kwa koili ya sumaku, nayo ikagonga kiwambo kinachong'aa. Doa la mwanga likapanda na kushuka kadiri umeme ulivyobadilika. Neli hiyo aliitangaza Februari, J. J. Thomson alitangaza Aprili kwamba miale hiyo ni chembe, ndizo tunazoziita elektroni. Braun alikuwa akikipinda kitu ambacho bado hakijajulikana.

Doa lake lilikwenda juu na chini tu. Mwaka 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliongeza mwendo wa kwenda upande. Katika luninga zetu za chogo, mwali huchora picha 25 kila sekunde, kila picha ina mistari 625: kwanza mistari witiri, kisha shufwa. Luninga ya rangi huwa na miali mitatu, ya nyekundu, kijani na buluu. Bati jembamba lenye matundu huhakikisha kila mwali unagonga nukta zake pekee. (Usiandike kwamba elektroni zina rangi! Rangi hutoka kwenye nukta za kioo.)

Angalia pia swali la tuzo. Braun alipewa Nobel mwaka 1909, pamoja na Marconi, kwa kazi ya simu isiyo na waya, si kwa neli. Neli hata hataza hakuichukulia.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyomtoa kwao. Mwishoni mwa 1914, vita vikiwa vimeanza, alikwenda New York kutoa ushahidi katika kesi ya hataza za redio. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, njia ya kurudi ilifungwa. Alifariki Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, vita havijaisha.