Dkt White aliwarejeshea matumaini waja wazito wenye kisukari

Priscilla White alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1900. Alipojiunga na Dkt Elliott Joslin mwaka 1924, insulini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuwaokoa wagonjwa wa kisukari, lakini karibu nusu ya waja wazito wenye maradhi hayo walipoteza watoto wao.

Mnamo 1949, White aliainisha mimba hizo kwa madaraja, akizingatia miaka ambayo mama ameugua na hali ya mishipa yake ya damu. Mishipa ya figo ikishadhoofika, shinikizo la damu hupanda na hatari ya kifafa cha mimba huongezeka.

Alipostaafu mwaka 1974, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walinusurika. White alifariki mwaka 1989.