Tabibu Stableford na Hesabu ya Handikapu

Katika matatu ya kutoka Migori kwenda Homa Bay, tulipokwisha kupita Rongo, jirani yangu alikuwa akipiga hesabu pembeni mwa gazeti. Ni mwalimu wa skuli, na apatapo nafasi huenda Kisumu kucheza gofu. Nilipomuuliza ahesabu nini, alinitajia jina ambalo wacheza gofu hulitaja kila juma bila kumjua mwenyewe: Stableford. Nami nimekua nikiutazama kwa mbali uwanja wa gofu wa Mombasa, ule wa ufuoni, nisijue cho chote. Basi nilimtafuta mtu huyo.

Frank Stableford alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akasomea upasuaji, akawa tabibu wa jeshi katika Vita vya Makaburu na tena katika Vita Kuu vya Kwanza. Gofu aliijua hasa. Mwaka 1907 handikapu yake ilikuwa plus moja.

Handikapu ni mipigo apunguziwayo mchezaji dhaifu ili apambane na hodari kwa haki. Siku hizi hutazamwa raundi zake 20 za karibuni, kila moja imepimwa kwa ugumu wa uwanja, zikachaguliwa 8 zilizo bora na kutafutiwa wastani. Mwenye plus moja hapunguziwi. Yeye huongezewa mpigo! Ndipo nikastaajabu. Aliyewafikiria wanyonge hakuwa mmoja wao.

Zamani shimo moja likimharibikia mtu, siku nzima imekwenda. Stableford alijaribu dawa yake kwanza huko Penarth, Wales, mwaka 1898, isishike. Miaka 34 ikapita. Alikwisha kuwa mtu wa miaka sitini na ushei alipoirejea katika klabu ya Wallasey, uwanja wa pwani upigwao na upepo wa bahari kama kusi letu, ambako wachezaji dhaifu walikata tamaa mapema tu. Mei 16, 1932, wakacheza kwa pointi. Alipofariki mwaka 1959, pointi zake zilikwisha kuenea duniani.

Mwalimu alinionyesha. Handikapu yake ni 24: mpigo mmoja kwa kila shimo la yale 18, na wa pili kwa mashimo 6 yaliyo magumu zaidi. Katika shimo gumu ambalo kipimo chake ni mipigo 4, akipiga 6 hupunguziwa 2. Amefikia kipimo, apata pointi 2. Akizidisha mmoja, pointi 1; akipunguza mmoja, 3. Akizidisha miwili ni sifuri, huokota mpira akaenda shimo la mbele, hana deni. Jumla ya 36 ndiyo kadiri yake.

Naye Jumamosi alikuwa amepata 43. Kwa hesabu yake handikapu ingeshuka hadi 22, na mashindano yenye zawadi yamekaribia. Rafiki mmoja alimshauri kadi ile aipoteze. Wapo wafanyao hivyo, wengine hata hucheza vibaya makusudi ili wapewe mipigo mingi. Sisi tuliokalishwa chuoni twamjua mwenye kupunja mizani.

Nikamuuliza atafanya nini. Akalikunja gazeti, ziwa limeshaonekana. Kadi alikwisha kuipeleka siku ile ile.