Zwicky: Mwanafalaki aliyeupima uzito wa giza

FRITZ Zwicky, mwanafalaki wa kwanza kuonesha kwa hesabu kwamba kundi la galaksi limebeba uzito mwingi usioonekana, alifariki dunia Februari 8, 1974, huku wenzake wengi wakiwa bado hawajaitilia maanani kazi hiyo.

Alizaliwa Varna, Bulgaria, Februari 14, 1898, kwa baba Mswisi na mama Mcheki. Akiwa na miaka sita alipelekwa kulelewa kwa babu na bibi yake Glarus, Uswisi. Alisoma Zurich, na mwaka 1925 akahamia Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani.

Mwaka 1933 alilichunguza kundi la galaksi la Coma. Alikuta galaksi zake zikipishana kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde na zaidi. Kwa mwendo huo, uvutano wa nyota zinazoonekana usingeweza kuzizuia. Kundi lote lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Alihitimisha kuwa mna maada ya giza, mara mamia ya ile ing'aayo. Kiwango hicho kilizidi, kwani umbali wa galaksi wakati ule ulikadiriwa vibaya, lakini hoja yenyewe ilisimama.

Hakusikilizwa. Zwicky alikuwa mkali wa ulimi na mwepesi wa kugombana, na pengine ndiyo sababu hata mawazo yake mengine yalikawia kukubalika. Pendekezo lake la mwaka 1934, pamoja na Walter Baade, kwamba nyota kubwa ikilipuka huacha nyota ya nyutroni, lilingoja hadi pulsa ya kwanza ilipogunduliwa mwaka 1967. Mgomvi huyo huyo, baada ya Vita Kuu ya Pili, alikusanya shehena za majarida ya sayansi na kuzipeleka kwenye maktaba zilizoharibiwa na vita.

Ushahidi muhimu ulitokea pwani yetu. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ile ya Kenya, si mtaa wa Mji Mkongwe. Iliitwa Uhuru. Ilinasa mionzi ya eksirei kutoka Coma, dalili ya gesi ya moto iliyojaa baina ya galaksi. Gesi hiyo ni nyingi kuliko nyota zenyewe, lakini haikutosha kuziba pengo la Zwicky.

Mwezi Mei, saa nne usiku, aliyesimama ufukweni Chukwani akitazama kaskazini hulielekea kundi hilo, lililo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 320. Kwa macho matupu haoni kitu.

Lililobaki ni kujua giza hilo lilitoka wapi. Mwaka 1977 Benjamin Lee na Steven Weinberg walikokotoa masalia ya chembe nzito za mwanzo wa ulimwengu. Katika joto kali la awali, chembe ziligongana na kuangamizana; ulimwengu ulipotanuka na kupoa, zilitawanyika mno kiasi cha kutokutana tena, na zilizonusurika zikabaki. Kadiri zilivyokuwa dhaifu katika kuangamizana, ndivyo masalia yalivyokuwa mengi.

Maada ya giza sasa hukadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya maada yote. Maabara zilizochimbwa chini ya milima zinaendelea kuisaka chembe yake, na haijathibitishwa kunaswa.