Vereshchagin: Mchoraji aliyeanika uchungu wa vita

WATAWALA wengi wa karne ya 19 walipenda wachoraji waandamane na majeshi yao ili ushindi upate kukumbukwa. Vasily Vereshchagin wa Urusi naye alikwenda vitani, lakini picha alizorudi nazo ziliwaudhi wakubwa.

Alizaliwa mwaka wa 1842 mjini Cherepovets, mwana wa mwenye mashamba. Alisomeshwa uanamaji tangu utotoni, akahitimu vyema, kisha akaiacha kazi hiyo na kujiunga na Chuo cha Sanaa cha St Petersburg. Baadaye alisomea Paris chini ya Jean-Léon Gérôme.

Mnamo 1867 aliandamana na Jenerali Kaufman, ambaye jeshi lake lilikuwa likiteka Asia ya Kati. Mwaka uliofuata, Warusi wachache walipozingirwa Samarkand, mchoraji huyo alishika bunduki akapigana, akatunukiwa Msalaba wa Mtakatifu George. Hata hivyo, picha yake mashuhuri ya 1871 haina shujaa yeyote. Inaonyesha rundo la mafuvu ya watu nyikani, na kunguru wameuzunguka mlima huo wa mifupa. Aliitoa kwa heshima ya washindi wote wa vita, wa kale na wajao. Ilikuwa heshima ya kejeli.

Alipoonyesha kazi zake St Petersburg mwaka wa 1874, majenerali walimshutumu kwa kulivunjia jeshi hadhi. Kwa hasira, alizichoma picha tatu kwa mikono yake mwenyewe. Mojawapo ilimwonyesha askari aliyeachwa na wenzake akiwa maiti, ndege wakimjongelea.

Vita vya Urusi na Uturuki vilipozuka mwaka wa 1877, alijeruhiwa pajani katika mto Danube. Alipopata nafuu alielekea Plevna, mji wa Bulgaria ambao Osman Pasha aliulinda kwa takriban miezi mitano. Shambulio kuu la tatu lilifanywa Septemba, siku ya somo wa mfalme Alexander II, naye mfalme akalitazama akiwa kilimani. Maelfu waliangamia, akiwemo Sergei, ndugu yake Vereshchagin. Mchoraji aliitafuta maiti ya nduguye bila ya kuipata.

Kutokana na msiba huo alichora picha ya mfalme na maafisa wake wakitazama moshi wa vita kutoka mbali. Nyingine inaonyesha umati wa majeruhi waliolala chini kando ya mahema, wakingoja kufungwa vidonda. Katika ile ya Telish, karibu na Plevna, kasisi mwenye chetezo na askari mmoja wanawaombea wafu waliotapakaa nyasini hadi upeo wa macho.

Picha hizo zilizunguka Ulaya na Marekani, na watu walifurika kuzitazama. Mjini Berlin, mwaka wa 1882, Jemadari Moltke aliwakataza askari wake kwenda kuziona. Pengine hakuna sifa kubwa zaidi ambayo mchoraji huyo angepewa.

Vita vya Urusi na Japani vilipoanza, Vereshchagin alikwenda tena, akiwa na umri wa miaka 61. Tarehe 13 Aprili 1904, manowari Petropavlovsk iligonga bomu la majini karibu na Port Arthur, ikazama pamoja naye, Admeri Makarov na mamia ya mabaharia.

Rundo la mafuvu na kasisi wa Telish vimehifadhiwa katika Jumba la Tretyakov, Moscow.