Al-Jazari, Fundi Aliyeifanya Ngoma Ijipige

Siku hizi arusini mpiga kinanda cha umeme hubonyeza kidude kimoja tu, na mdundo wa ngoma ukaenda wenyewe mpaka wimbo umalizike. Wengi wetu hudhani kuwa ujuzi huo ni wa Wazungu, tena wa juzi. Lakini zaidi ya miaka 800 iliyopita, fundi wa Kiislamu alikwisha tengeneza wapiga ngoma wa bandia waliofuata mdundo waliopangiwa.

Fundi huyo ni Ismail bin al-Razzaz, maarufu kwa jina la al-Jazari, yaani mtu wa al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Kwa miaka ipatayo 25 aliwatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq, baba kwanza kisha wanawe wawili, katika mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakir, Uturuki. Aliunda saa za maji na mitambo ya kuteka maji. Mfalme mmoja hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi wala kijakazi, basi al-Jazari akamtengenezea sanamu ya kuifanya kazi hiyo.

Kwa karamu za ikulu aliunda mashua ya kuelea bwawani. Ndani yake waliketi wanamuziki wanne wa bandia: mmoja wa zumari, mmoja wa kinubi, na wawili wa ngoma. Maji yaliyofichwa ndani ya mashua yalijaza chombo, nacho kikijaa hupinduka na kuzungusha gurudumu. Gurudumu lilizungusha gogo lenye vigingi. Kila kigingi kilipopita kilisukuma wenzo uliousogeza mkono wa mpiga ngoma, na ngoma ikalia. Maji hayo hayo yalisukuma hewa iliyoliza zumari.

Siri yote imo katika mpango wa vigingi. Vikikaribiana, mapigo hufuatana upesi. Vikiachana, ngoma hunyamaza kidogo. Profesa Noel Sharkey wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, aliunda mfano wa mtambo huo, akaonyesha kuwa ukihamisha vigingi mdundo hubadilika. Mashine ya ngoma ya leo hufuata kanuni iyo hiyo, ila kazi ya vigingi sasa hufanywa na umeme.

Al-Jazari hakuwa wa kwanza kuunda ala za kujipiga. Ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, walikwisha unda zumari ya namna hiyo katika karne ya 9, naye hakuficha kwamba alisoma kazi za waliomtangulia. Sifa yake kubwa ni nyingine. Mfalme Nasir al-Din Mahmud alipomwamuru aandike kazi zake, alitunga kitabu cha mitambo 50, akakimaliza mwaka 1206. Humo alichora picha, akataja vipimo, akaeleza kila kipande, ili fundi mwingine aweze kuunda kama alivyounda yeye. Wala hakuandika asilolijaribu.

Mafundi wangapi hodari wameondoka duniani na ujuzi wao? Mashua ile haipo tena, lakini mwaka 1974 kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza na Donald Hill, na mafundi wa leo bado wanajifunza kwake. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.