Teresa wa Avila na Kisima Kikavu

Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa mapema kwamba sala si viungo peke yake. Sharti moyo nao uhudhurie. Nami nimekwisha pita hamsini, wala sioni haya kusema kuwa ziko alfajiri ambazo mwili wangu uko msikitini na moyo uko sokoni. Ndipo yaliponigusa maisha ya bibi mmoja wa Kikristo.

Bibi huyo ni Teresa, aliyezaliwa Avila, Uhispania, mwaka 1515, miaka 23 baada ya Granada kuwatoka Waislamu. Babu yake alikuwa Myahudi wa Toledo aliyeingia Ukristo. Mwaka 1535 Teresa aliingia nyumba ya watawa wa Karmeli. Haukupita muda akashikwa na maradhi makali, hata kaburi likachimbwa. Akazinduka, lakini akakaa miaka akiwa amepooza.

Watu hudhani mtawa huonja utamu wa ibada kila siku. Teresa hakudanganya. Katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake alikiri kwamba kwa miaka mingi, alipokaa faraghani kumkabili Mola wake, masikio yake yalikuwa kwenye saa, akingojea igonge apate kuondoka. Kuingia tu mahali pa kusalia kulimtia huzuni, akawa hujikokota.

Mara moja alishindwa. Kwa mwaka na zaidi aliiacha ibada ile ya faragha, akibaki na sala za pamoja, kwa kujiona hastahili. Baadaye alilihesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Babake alipofariki mwaka 1543, padri mmoja alimhimiza arejee. Akarejea, wala hakuiacha tena.

Je, utamu ulikuja papo hapo? La! Ukavu uliendelea karibu miaka 10 mingine, hata mwaka 1554, alipokuwa na miaka 39, ndipo moyo ulipofunguka. Mwaka 1562 alianzisha nyumba yake ya kwanza ya watawa, na hadi kufa kwake mwaka 1582 zilifika 17. Mwaka 1970 Kanisa la Roma lilimpa cheo cha Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kukipata.

Teresa aliifananisha ibada na kunywesha bustani. Wako wanaoteka kwa ndoo, na wako wenye gurudumu la maji, ambalo Wahispania waliliita kwa jina walilolipata kwa Waarabu, naura. Na kisima kikikauka? Mtunza bustani aje vivyo hivyo, ateremshe ndoo yake, kwani bustani si yake.

Dini yake si yangu, na mengi aliyoitakidi siyaitakidi. Lakini kisima hicho nakijua. Alfajiri ya leo moyo ulikuwa mzito kama jana. Nilitia udhu, nikaenda.