Tabibu wa Bukhara katika Lugha ya Mswahili

Mzee wa Likoni au Kisauni anapoumwa na viungo husema ana baridi yabisi. Wanafunzi wangu wa isimu hulitumia jina hilo kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini ugonjwa uitwe baridi na ukavu katika mji wenye joto na unyevu kama Mombasa. Jawabu limo katika elimu ya tiba iliyoandikwa na kufundishwa kwa karne nyingi, na aliyeipanga vizuri kuliko wenzake ni Abu Ali ibn Sina. Hakuwahi kuiona pwani yetu, lakini hadi leo tunaugua kwa maneno ya elimu yake.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani. Baadaye alisoma sheria, mantiki, hesabu na falaki, na alipoingia katika tiba aliiona kuwa si elimu ngumu. Kilichomshinda kwa muda ni falsafa ya Aristotle. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikisoma kitabu kimoja cha Mgiriki huyo mara arobaini bila ya kukielewa, mpaka aliponunua sokoni, kwa bei ndogo, kijitabu cha Al-Farabi kilichomfumbulia fumbo.

Alikuwa bado kijana wa miaka kumi na saba hivi alipoitwa kumtibu mtawala Nuh bin Mansur. Baada ya kazi hiyo aliruhusiwa kuingia katika maktaba ya ikulu, akasoma humo vitabu ambavyo wengine hata majina yake hawakuyajua. Lakini dola ya Wasamani ilianguka mwaka 999, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhama mji hadi mji. Huko Hamadan alimtibu mtawala maradhi ya tumbo, akafanywa waziri. Askari wakamwasi, akajificha siku arobaini. Baadaye akafungwa ngomeni kwa miezi kadhaa. Hatimaye alitorokea Isfahan akiwa amevaa nguo za masufi. Msomaji anayedhani kwamba elimu huhitaji utulivu na azingatie hayo, kwani katika misukosuko hiyo ndimo ulimoandikwa Qanun, mkusanyiko wa tiba wenye vitabu vitano.

Kitabu cha kwanza kinaeleza misingi. Cha pili kina dawa za asili zipatazo mia nane. Cha tatu kinapanga maradhi kutoka kichwani hadi miguuni, cha nne kinashughulikia homa na maradhi yanayoenea mwili mzima, na cha tano ni cha dawa za kuchanganywa. Msingi wake ulitoka kwa Wayunani, hasa Hippocrates na Galen: mwili una damu, belghamu, safura na sauda, na kila kimoja kina sifa zake za hari au baridi, rutuba au yabisi. Afya ni mizani ya hivyo vinne. Sauda ndiyo yenye baridi na yabisi, na hapo jina la ugonjwa wa mzee wetu linajieleza. Safura, ambayo asili yake ni nyongo ya manjano, kwetu imekuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa na damu. Hata neno tabia, tunalolitumia kwa mwenendo wa mtu, ni ndugu wa msamiati huo.

Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliutafsiri Qanun kwa Kilatini huko Toledo, na vyuo vikuu vya Ulaya viliufundisha hadi karne ya 17. Upande wa mashariki elimu hiyo ilistawi India kwa jina la tiba ya Kiyunani. Kwetu ilikuja na jahazi, dini na vitabu, ikakutana na mizizi na majani ya waganga wa Kimijikenda. Mwarobaini wenyewe, unaoaminiwa kutibu maradhi arobaini, ni mti wenye asili ya Bara Hindi na jina lenye asili ya Kiarabu.

Kwa hiyo wanakosea wasomi wanaosema kwamba tiba ya jadi ya pwani ni ujinga mtupu. Lakini wanakosea zaidi wauza dawa wanaojificha nyuma ya ukongwe wake. Ibn Sina aliweka masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi, ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, muda wa kufanya kazi kwake uangaliwe, matokeo yake yawe yale yale kila mara, na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa maana linalomfaa mnyama huenda lisimfae mtu. Ni wangapi kati ya wanaouza chupa zisizo na maelezo, kutoka Kongowea hadi Changamwe, wanaoweza kuyatimiza hayo? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili nchini Kenya. Kutambuliwa hakutoshi, maana mtoto mwenye homa ya malaria hawezi kungojea mizani ya belghamu. Na apelekwe hospitali mara moja.

Ibn Sina alifariki Hamadan mwaka 1037 kwa maradhi ya tumbo, yale yale aliyowatibia wengine. Alijitibu kwa pupa akazidi kudhoofika, na alipoona kwamba nguvu zimemwishia aliacha dawa, akawaacha huru watumwa wake na kutoa sadaka. Nadharia yake ya vitu vinne imekwisha kuachwa na sayansi. Masharti yake ya majaribio hayajaachwa, na ndiyo ambayo ningependa kila mwalimu ayafundishe siku anapolieleza darasani neno baridi yabisi.